Kasoro Kumi na Mbili

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Leo nimekikuta kijitabu changu kina jina la mtu mwingine.

Kilikuwa juu ya kila meza ya chumba cha walimu. Jalada la buluu, pini mbili ubavuni, wino bado unanuka. *Hisabati kwa Hatua.* Chini yake jina la mkuu wa idara yetu, yule ambaye wanafunzi wanamwita Profesa kwa ajili ya koti na miwani yake, naye hajawahi kuwakataza. Nikafungua. Sentensi zangu. Michoro yangu. Hata ule mfano wa mashine ya kusukuma maji, ambayo ipo nyuma ya nyumba yetu na yeye hajawahi kuiona, umo.

Mwezi uliopita nilimpa maandishi yangu ya mkono, kazi ya miaka sita, aniambie kama yanafaa kupelekwa kwa mkuu wa shule. Akayapima mkononi kama anayenunua nyama. "Bado mabichi, Mwalimu. Niachie niyapitie." Kumbe alikuwa anatafuta mchapaji.

Mkuu wa shule alisimama akatangaza kwamba ofisi ya elimu imeichagua shule yetu iwe ya majaribio. Kidato cha Pili chote kitasoma hisabati kwa njia mpya: Profesa atafundisha mkondo wa A, mimi mkondo wa B. Wiki ya kumi wageni watakuja kuona. Wakiridhika, kijitabu kitaenda shule zote za wilaya na mwandishi wake atakuwa msimamizi. Profesa akainamisha kichwa kama bwana harusi. Watu wakapiga makofi.

Nami nilipiga.

Jumanne

Dada yangu, ambaye naishi naye na ambaye ni fundi cherehani, hajanisamehe yale makofi.

"Umepiga kwa mikono yako mwenyewe?"

"Nilipiga."

"Basi kesho mpelekee na maji ya kunawa." Akakata uzi kwa meno. "Nenda kwa mkuu, mdogo wangu. Sema leo, kabla uongo haujazoeleka."

Nikamwambia ushahidi sina. Maandishi yako kwa yule mwizi. Mimi nimebaki na daftari langu la rasimu tu, na daftari mtu anaweza kusema nimenakili jana.

Jumatano

Nimecheka mpaka dada akaacha kushona.

Lazima nieleze hapa, nisije nikasahau siku ya kufurahi. Darasani kwangu ipo desturi. Siwafundishi watoto kugawanya namba za tarakimu sita kwa mkono mpaka vidole viote sugu. Kazi hiyo kompyuta inaimaliza kabla hujapepesa. Nawafundisha kile ambacho kompyuta haiwezi: kuuliza swali, kulivunja vipande, kuandika hatua, kisha kulitilia shaka jibu. Mwanafunzi mmoja anakuwa Mashine. Anafanya kile tu alichoambiwa, hata kama ni upuuzi. Na katika kila somo naficha kasoro moja kwenye hatua. Hakuna anayetoka mpaka ipatikane. Ikipatikana wanapiga kelele, "Tumeinasa!" mpaka walinzi wa getini wanasikia.

Kijitabu kina masomo kumi na mawili, kwa hiyo kina kasoro kumi na mbili. Ukurasa wa kueleza desturi hiyo nilikuwa bado sijauandika. Orodha ya kasoro iko kwenye daftari langu, pamoja na tarehe na darasa nililofundisha kila moja. Angeingia darasani kwangu hata mara moja katika miaka kumi na moja angeelewa. Hakuingia. Amenakili zote kumi na mbili, akazichapa, akaweka jina lake juu.

Sitasema neno. Nitamwacha apande jukwaani mbele ya wageni, kifua mbele, kisha nimtazame akiumbuka. Wiki kumi si nyingi.

Wiki ya pili, Alhamisi

Mvua. Juu ya mabati haisikiki hata sauti yako mwenyewe. Nimefundisha kwa kuandika ubaoni tu.

Wiki ya tatu, Jumatatu

Ukuta kati ya A na B ni wa mbao. Leo nimewapa B zoezi refu, nikasimama karibu na mbao hizo nikijifanya napanga vitabu.

Profesa anafundisha somo la tatu: jinsi ya kuipata namba kubwa kuliko zote kwenye orodha. Hatua ya kwanza, andika sifuri uiite "kubwa". Hatua ya pili, soma namba inayofuata. Ikiizidi "kubwa", futa, andika hiyo. Rudia mpaka orodha iishe. Inafanya kazi vizuri sana, mpaka siku ukipewa orodha ambayo namba zake zote ziko chini ya sifuri. Hapo Mashine inakupa sifuri, namba ambayo kwenye orodha haipo kabisa.

Alipita juu ya kasoro hiyo kama mtu anayevuka shimo akiwa amefumba macho. Nilisikia raha ambayo siwezi kumwambia padri wala shehe.

Upande wangu waliinasa baada ya dakika thelathini na tano.

Wiki ya nne, Ijumaa

Mvua. Kompyuta zinazowaka ni nane kati ya ishirini. Profesa amewahi zote nane.

Wiki ya tano, Jumapili

Dada aliuliza kama bado nanyamaza. Nikasema ndiyo. Akaniuliza hao watoto wa upande wa pili wanasoma nini.

"Wanasoma kijitabu."

"Chenye makosa?"

"Chenye kasoro. Wanatakiwa wazinase."

"Na mwalimu wao anajua wanatakiwa wazinase?"

Nikamwambia asiniharibie Jumapili. Akasema hajaiharibu, ameikuta hivyo.

Wiki ya sita, Jumanne

Leo kimetokea kitu nami sitaki kukiandika. Nitakiandika kwa sababu dada amelala na sina mwingine wa kumwambia.

Katika A kuna msichana ambaye wenzake wanamwita Kwanini, maana ndilo neno lake la kwanza kwa kila kitu. Alinikuta kwenye korido wakati wa mapumziko, viatu vimelowa, kijitabu cha buluu amekikumbatia chini ya sweta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, naomba kuuliza. Ni somo la sita."

Somo la sita ni la wastani. Una madarasa mawili, kila moja lina wastani wake, unataka wastani wa wote. Hatua za kijitabu zinasema: jumlisha wastani wa darasa la kwanza na wa darasa la pili, gawa kwa mbili. Kasoro ni kwamba hazitazami kila darasa lina watu wangapi.

"Nimejaribu na namba zangu," alisema. "Darasa moja lina mwanafunzi mmoja, kapata mia. Lingine lina wanafunzi tisa, wote sifuri. Hatua zinasema wastani ni hamsini. Lakini Mwalimu, alama zote ni mia moja na watu ni kumi. Si ingekuwa kumi?"

Miaka ishirini na miwili nafundisha na sijawahi kusikia mtoto akivunja hatua vizuri namna hiyo bila kusaidiwa. Nilitaka kumshika mabega. Nilitaka kumpeleka mbio mpaka B apige kelele pamoja nao.

Nikafikiri: nikimwambia, atamwambia Profesa. Profesa atalikagua somo la sita, kisha mengine yote. Wageni watamkuta msafi.

"Mwalimu wako kasemaje?"

"Kasema nifuate hatua. Kasema kompyuta haibishani na mtu."

"Basi mfuate mwalimu wako," nikasema.

Aliniangalia. Akakirudisha kijitabu chini ya sweta. "Ahsante, Mwalimu." Akaenda.

Ijumaa

Profesa alikuwa amevaa koti jipya. Mkuu wa shule alimsifia mbele yetu kwamba ana maono. Nimejikaza kisabuni.

Wiki ya saba, Jumatano

Dirisha la A lilivunjwa na upepo jana, madaftari ya watoto yakalowa. Leo asubuhi nimemkuta Profesa peke yake darasani, koti kalitundika mlangoni, anatandaza madaftari arobaini na matatu juu ya madawati, ukurasa kwa ukurasa, na kuyapepea kwa jalada la faili. Alikuwa anasoma kazi zao huku anatabasamu.

"Unaona, dada yangu," alisema bila kugeuka, "kumbe watoto hawa wanaweza kufikiri. Miaka yote nilikuwa nawapa tu hesabu hamsini za kugawanya. Nilikuwa nawachosha bure."

Ni sentensi yangu. Iko ukurasa wa pili. Lakini aliisema kama mtu aliyeigundua asubuhi hiyo, na nadhani ni kweli aliigundua. Anafundisha vizuri siku hizi. Hilo linaniudhi kuliko wizi wenyewe. Mwizi angebaki mwizi tu, moyo wangu ungetulia.

Nilimsaidia kutandaza safu moja. Kisha nikakumbuka jina lililoko kwenye jalada, nikaacha.

Wiki ya nane, Jumatatu

Mvua. Bado wiki mbili.

Wiki ya nane, Jumanne

Mvua. Kwanini kanipita kwenye korido, kanisalimia, hakuuliza kitu.

Wiki ya tisa, Alhamisi

Mtihani wa ofisi ya elimu, ule wa kuwachagua watakaoingia mchepuo wa sayansi. Nilisimamia chumba cha B. Nilipogawa karatasi niliyapitia maswali.

Swali la kumi na moja, alama kumi. "Darasa moja lina wanafunzi 20, wastani wao ni 40. Darasa jingine lina wanafunzi 30, wastani wao ni 60. Tafuta wastani wa wanafunzi wote. Andika hatua zako."

Jibu ni 52. Kwa hatua za kijitabu ni 50.

Nilikaa kwenye kiti cha msimamizi saa mbili nikiuangalia ule ukuta wa mbao. Kwa kanuni huruhusiwi kutoka. Nilifurahi kwamba huruhusiwi.

Wiki ya kumi, Alhamisi

Wamekuja. Niandike taratibu, nisiruke.

Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mkaguzi, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambayo watu wanainama ili kuisikia. Waliketi nyuma ya darasa la A. Sisi walimu wengine tulisimama ukutani. Profesa alivaa lile koti jipya. Aliamua kuonyesha somo la tatu. Nilipoona anaandika "kubwa = 0" ubaoni, nilisogea ili nimwone vizuri.

Aliita mvulana mmoja awe Mashine. Akampa orodha, mvulana akajibu. Orodha nyingine, akajibu. Wageni wakaandika. Nikaanza kuogopa kwamba itapita. Ndipo mkaguzi akanyoosha kalamu.

"Naomba nitoe orodha yangu. Juzi nilikuwa kwenye duka la nyama, nikasoma joto la friza zake. Hasi nne, hasi tisa, hasi mbili. Kubwa ni ipi?"

Mashine akafuata hatua. Hasi nne haizidi sifuri. Hasi tisa haizidi. Hasi mbili haizidi. "Sifuri," akasema.

"Sifuri umeitoa wapi, mwanangu? Mimi sikukupa sifuri."

Profesa alitazama ubao, akatazama kijitabu, akatazama ubao tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Wiki kumi nilikuwa nimeisubiri sura hiyo, na nakiri, ilikuwa tamu.

Kisha Kwanini akasimama. "Imetoka hatua ya kwanza. Sisi ndio tuliiweka. Tungeanza na namba ya kwanza ya orodha badala ya sifuri, ingekuwa sawa."

Mkaguzi akapiga makofi, wenzake wakafuata. Na Profesa, ambaye kwa miaka kumi na moja amesikia kelele za "Tumeinasa!" zikipenya ule ukuta, akachanua uso.

"Hongera, binti! Hiyo ndiyo kasoro niliyoificha makusudi. Katika njia yangu kila somo lina kasoro iliyofichwa, ili mtoto azoee kulitilia shaka jibu."

Wageni wakatazamana kwa furaha. "Hii ndiyo kazi tuliyokuwa tunaitafuta," mkaguzi akasema. Nilisimama pale nikaona mtego wangu wa wiki kumi unamvisha mwizi taji. Sikupanga kusema kitu. Sauti ilitoka yenyewe.

"Na somo la sita, Profesa? Umeificha wapi?"

Aligeuka. Nadhani ndipo alipoelewa, maana sauti yake ilikonda. "Si... si kila somo, Mwalimu. La sita halina kasoro."

"Una hakika?"

"Nimelifundisha mwenyewe. Hata kwenye mtihani wa juzi limetoka, watoto wangu wamelijibu kwa hatua zile zile."

Mkaguzi alikuwa amekwisha kufungua ukurasa. Alisoma hatua nne, akaandika kitu pembeni, akavua miwani. Nilienda mbele nikampa daftari langu. Orodha yote kumi na mbili, tarehe, darasa, miaka sita. Alisoma kwa muda mrefu. Mvua ilianza tena.

"Huyu ndiye mwandishi," alisema mwishowe.

Profesa aliketi kwenye dawati la mwanafunzi. Nilimtazama kama nilivyokuwa nimejiahidi. Kisha nikaona kwamba Kwanini hamtazami Profesa. Ananitazama mimi.

Ijumaa

Profesa amehamishiwa ofisi ya kumbukumbu. Alipita mezani kwangu akiwa na sanduku lake. "Ungeniambia," alisema.

"Ungeniuliza," nikamjibu.

Nimelirudia jibu hilo siku nzima. Dada ameliona zuri. Mimi pia.

Wiki ya kumi na moja, Jumanne

Nimepewa A pamoja na B. Kijitabu kitachapwa upya, jina langu, na ukurasa wa kueleza kasoro. Barua ya usimamizi wa wilaya iko kwa mkuu, inasubiri mwisho wa muhula. Leo jua limewaka kutwa.

Wiki ya kumi na mbili, Jumatano

Matokeo yamekuja, pamoja na karatasi za majibu.

Katika B, wanafunzi thelathini na wanane kati ya arobaini wameandika 52. Nilitembea nazo korido nzima nimeinua kichwa.

Katika A, kumi na saba wameandika 50. Kila mmoja ameandika hatua nne, kwa usafi, mwandiko wa mtu anayeamini. Kati ya alama kumi, sifuri. Watano kati yao wamekosa mchepuo wa sayansi kwa alama zisizofika kumi. Kwanini amekosa kwa alama tatu.

Karatasi yake nimeitazama mpaka macho yakauma. Alikuwa amekokotoa: ishirini mara arobaini, thelathini mara sitini, jumla elfu mbili na mia sita, gawa kwa hamsini. Ameandika 52. Kisha ameifuta kwa mstari mmoja wa rula, na chini yake ameziandika zile hatua nne na 50.

Alhamisi

Msichana yule alikuja mwenyewe baada ya kipindi cha mwisho. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie.

"Mwalimu, siku ile kwenye korido. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kumwambia sikumsikia vizuri, mvua ilikuwa kubwa. Ningeweza kumwambia ni Profesa.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Nilingoja aulize kwa nini. Hakuuliza. Alisema ahsante, kwa sauti ile ile ya siku ile, akaondoka.

Nyumbani nilimweleza dada yote. Nilitegemea angenitetea, maana huyu ni mtu ambaye hajawahi kumsamehe hata mteja aliyechelewa. Alizima cherehani. "Huyo mzee kakuibia wewe," alisema. "Hao kumi na saba walikuibia nini?"

Bado namchukia yule mtu. Nimejichunguza vizuri, nipo wazi kabisa: akidondoka kwenye ngazi kesho sitakimbia kumwinua. Lakini nilikuwa nataka aanguke peke yake, na wakati wote nilijua kwamba amebeba watoto.

Ijumaa, siku ya kufunga

Nimeandika barua kwa ofisi ya elimu. Ni fupi. Nimeeleza kwamba mkondo wa A ulifundishwa kasoro ya somo la sita kama kanuni, kwamba mimi, mwandishi, niliijua tangu wiki ya kwanza nikanyamaza kwa makusudi, kwamba mwanafunzi aliniuliza nikamrudisha. Nimeambatanisha karatasi yenye 52 iliyofutwa. Nimeomba wale kumi na saba wafanyiwe mtihani upya.

Mkuu wa shule aliisoma mara mbili, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Unajua hii itakunyang'anya usimamizi? Na jina kwenye kijitabu, sidhani watakuachia."

"Najua."

"Tunaweza kusema ni kosa la uchapaji. Watoto watasaidiwa vile vile."

"Hapo watoto ndio wataulizwa kama walinakiliana, au atalaumiwa mchapaji asiye na kosa. Mama, ipeleke kama ilivyo."

Alinisogezea kalamu, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. "Fikiri, Mwalimu. Ukisaini hapa, mbele ya ofisi wewe na yule bwana mtakuwa sawa."

"Hatuko sawa," nikamwambia, nikasaini. "Yeye hakujua."